Lawrence: Bingwa wa atomu aliyetatizwa na mlango wa kutokea

WAGONJWA wengi wanaopigwa picha za kisasa za kusaka saratani mwilini hawajawahi kulisikia jina la Ernest Orlando Lawrence, mwanasayansi wa Marekani aliyeaga dunia mwaka 1958.

Hata hivyo, dawa nururifu wanazodungwa kabla ya kupigwa picha hizo, yaani dawa zinazotoa miale inayonaswa na mashine, zina uhusiano wa moja kwa moja na mtambo aliouwaza akiwa na umri wa miaka 27 pekee.

Mtambo huo ni saiklotroni. Kazi yake ni kuzungusha chembe za atomu katikati ya sumaku hadi zipate kasi kubwa mno. Ni mtambo huo uliomfanya Lawrence kutunukiwa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1939.

Wengi wanaosimulia maisha yake huishia kwenye kasi hiyo, wakasahau kwamba ilikuwa nusu tu ya kibarua. Chembe zenye kasi zilizofungiwa ndani ya mtambo ni kama maji ya kisima kisichokuwa na kamba wala ndoo. Sharti zitolewe nje ndipo zimfae mtu, na kuzitoa kuliwatatiza Lawrence na wenzake kwa miaka mingi.

Mwana wa walimu

Lawrence alizaliwa Agosti 8, 1901 katika mji mdogo wa Canton, jimbo la South Dakota. Wazazi wake, Carl na Gunda, walikuwa watoto wa wahamiaji kutoka Norway, na walikutana wakifundisha katika shule ya upili ya mji huo. Babake alikuwa pia msimamizi wa shule za hapo.

Akiwa kijana alishirikiana na jirani yake, Merle Tuve, kuunda mitambo ya redio. Tuve naye alikuja kuwa mwanafizikia mashuhuri.

Ili kujilipia karo ya chuo, Lawrence aliuza sufuria za alumini nyumba hadi nyumba. Nia yake ilikuwa kuwa daktari, lakini katika Chuo Kikuu cha South Dakota mwalimu mmoja, Lewis Akeley, alitambua kipawa chake na kumshawishi asomee fizikia. Alihitimu mwaka 1922, na miaka mitatu baadaye akapata shahada ya uzamifu katika Chuo Kikuu cha Yale.

Mwaka 1928 alihamia Chuo Kikuu cha California, Berkeley, uamuzi uliowashangaza baadhi ya wenzake kwa kuwa Yale ilikuwa na sifa kubwa zaidi wakati huo. Miaka miwili baadaye alipandishwa cheo kuwa profesa kamili akiwa na umri wa miaka 29 tu.

Wakati huo wanafizikia walikuwa na kiu ya kupasua kiini cha atomu. Walihitaji kurusha chembe kwa nguvu za mamilioni ya volti, lakini mitambo yenye umeme wa kiwango hicho ilikuwa ikipasuka au kutoa cheche kabla ya kufika popote.

Jioni moja mwanzoni mwa mwaka 1929, Lawrence alikuwa maktabani akipekua majarida alipokumbana na makala ya Rolf Widerøe, mhandisi kutoka Norway. Makala hayo yalikuwa kwa Kijerumani, lugha ambayo Lawrence hakuimudu vyema, lakini michoro ilimtosha.

Widerøe alikuwa ameonyesha kwamba chembe inaweza kusukumwa mara ya kwanza, kisha ikasukumwa tena, kwa umeme ule ule wa kiasi. Tatizo ni kwamba mabomba yake yalipangwa kwa mstari ulionyooka. Lawrence alipopiga hesabu, aligundua kuwa mtambo wa aina hiyo ungekuwa mrefu kupindukia.

Ndipo akajiuliza iwapo chembe hizo haziwezi kupindwa kwa sumaku zikarudi pale pale kusukumwa upya. Hesabu ilimpa jibu lililomfurahisha. Chembe inapoongeza kasi, duara lake nalo hupanuka, hivyo muda wa kukamilisha mzunguko mmoja haubadiliki. Umeme unaogeuza mwelekeo kwa mpigo ule ule unaweza kuisukuma kila inapopita, jinsi mtu anavyosukuma mtoto aliye kwenye bembea.

Kazi ya kuugeuza wazo hilo kuwa chombo ilianzwa mwaka 1930 na mwanafunzi wake Nels Edlefsen, kisha ikachukuliwa na mwingine, M. Stanley Livingston. Januari 2, 1931, kichombo chenye upana wa takriban inchi nne na nusu kilizipa ioni za haidrojeni nguvu ya elektronivolti 80,000 kwa kutumia umeme usiozidi volti 2,000.

Kufikia mwaka 1932, mtambo wa inchi 11 ulikuwa umevuka elektronivolti milioni moja.

Bamba la ukingoni

Lakini Livingston angejuaje kwamba chembe zimefika ukingoni zikiwa na nguvu hiyo, na si chembe zilizopotea njia? Ilimbidi kubuni njia ya kuzichomoa kutoka kwenye mizunguko yake na kuzielekeza kwenye kikombe cha kuzipimia.

Alitega bamba la chuma lililotiwa umeme karibu na ukingo wa chumba cha mtambo. Chembe iliyofika hapo ilivutwa nje kidogo ya njia yake ya kawaida, ikapenya katika ujia mwembamba na kuingia kikombeni.

Wazo hilo ni rahisi kulieleza, lakini utekelezaji wake ni mgumu. Kadiri chembe zinavyokaribia ukingo, ndivyo mizunguko yake inavyosongamana. Ukuta unaotenganisha mzunguko wa mwisho na ule unaoutangulia lazima uwe mwembamba mno. Chembe zinazokosea njia hata kwa upana wa uzi huugonga ukuta huo, zikaupasha moto na kupotea.

Umeme wa bamba ukiongezwa ili kuzivuta kwa nguvu zaidi, cheche huruka. Ukipunguzwa, chembe hazitoki. Aidha, sumaku yenyewe hudhoofika kwenye ukingo, na kuifanya njia ya kutokea kuwa ngumu kukadiria.

Mwaka 1931, Lawrence alipata sumaku ya tani 80 iliyokuwa imeachwa na kampuni ya simu za upepo ya Federal Telegraph. Aliiweka katika jengo kuukuu la mbao chuoni, akaliita Maabara ya Miale. Humo ndimo saiklotroni ya inchi 27 ilimojengwa, na baadaye ikapanuliwa kuwa ya inchi 37.

Vijana wa maabara hiyo walifanya kazi usiku na mchana, wengine bila mshahara. Waliziba matundu ya ombwe kwa nta, wakachonga vipande vidogo vya chuma vya kusawazisha sumaku, na kurekebisha bamba la ukingoni mara kwa mara ili mkondo wa chembe utoke ukiwa mzima.

Mwaka 1936, Lawrence na msaidizi wake Donald Cooksey walichapisha maelezo ya mtambo ulioboreshwa, ambao mkondo wake wa deutroni, yaani viini vya haidrojeni nzito, uliweza kutolewa hadi hewani kupitia kidirisha chembamba. Sasa wanasayansi wangeweza kuweka kitu chochote mbele ya mkondo huo bila kuufungua mtambo.

Mnamo 1939 mtambo mkubwa zaidi, wa inchi 60, ulianza kazi. Picha iliyopigwa mwaka huo inaonyesha mkondo wa deutroni ukichomoza kutoka mtamboni na kuifanya hewa ing'ae gizani kama ulimi wa moto. Ni miongoni mwa picha zinazofahamika zaidi katika historia ya fizikia.

Taka iliyogeuka dawa

Ajabu ni kwamba mojawapo ya zawadi kubwa za saiklotroni ilitokana na chembe zilizoshindwa kutoka.

Katika msimu wa kiangazi wa 1936, Emilio Segrè, mwanafizikia kutoka Italia, aliitembelea maabara ya Berkeley. Aliporejea Palermo, kisiwani Sicily, aliendelea kuwasiliana na Lawrence. Mapema 1937, Lawrence alimtumia kwa posta ukanda wa madini ya molibdeni ambao awali ulikuwa sehemu ya bamba la kukengeushia chembe.

Molibdeni ilikuwa imechaguliwa kwa sababu huvumilia joto kali. Kwa miezi kadhaa ukanda huo ulikuwa umegongwa na deutroni zilizokosa ujia, ukawa nururifu. Huko Berkeley ulihesabiwa kuwa kipuri kilichokwisha kazi.

Segrè na mwenzake Carlo Perrier, profesa wa elimu ya madini, waliuchunguza na kugundua ndani yake elementi ya 43, ambayo nafasi yake katika jedwali la elementi ilikuwa tupu. Hiyo ndiyo elementi ya kwanza kutengenezwa na binadamu kabla ya kupatikana kwingineko. Baadaye iliitwa teknetiamu.

Mwaka 1938 Segrè na Glenn Seaborg walitambua, papo hapo Berkeley, aina ya elementi hiyo iitwayo teknetiamu-99m. Nusu ya unururifu wake huisha baada ya saa sita, muda unaotosha kumpiga mgonjwa picha na usiomwachia miale mwilini kwa siku nyingi. Leo ndiyo isotopu inayotumiwa zaidi duniani katika uchunguzi wa mifupa, moyo, figo na tezi.

Kisa cha Segrè kinafichua pia upande mwingine wa Lawrence. Sheria za ubaguzi dhidi ya Wayahudi zilipopitishwa Italia mwaka 1938, Segrè alikuwa Berkeley na hakuweza tena kurudi kwao. Kwa mujibu wa kumbukumbu zake mwenyewe, Lawrence alipotambua hilo aliupunguza mshahara wake kutoka dola 300 hadi dola 116 kwa mwezi.

Livingston naye aliondoka mwaka 1934 kuelekea Chuo Kikuu cha Cornell, akihisi kwamba hakupewa sifa aliyostahili kwa mtambo ambao mikono yake ndiyo iliyouunda. Nobel ilipotolewa, ilikuwa ya mtu mmoja.

Haraka ya kujenga mitambo mikubwa zaidi ilimfanya Lawrence apitwe na mambo yaliyokuwa mbele ya macho yake. Mwaka 1932 John Cockcroft na Ernest Walton wa Cambridge, Uingereza, walimtangulia kupasua kiini cha atomu kwa kutumia mtambo wenye nguvu ndogo kuliko wake.

Mwaka 1934 Irène na Frédéric Joliot-Curie wa Ufaransa walitangaza kugundua unururifu wa kutengenezwa. Berkeley walikuwa wakiuzalisha kila siku bila kujua, kwa sababu saiklotroni na kipimamiale viliwashwa na kuzimwa kwa swichi moja. Walipotenganisha swichi hizo, waliushuhudia papo hapo.

Hospitali na vita

Kijana aliyetaka kuwa daktari hakuisahau tiba. Nduguye mdogo, John, aliyekuwa daktari, alijiunga naye Berkeley. Mwishoni mwa 1936, John alimpa mgonjwa wa saratani ya damu fosforasi nururifu iliyotengenezwa katika saiklotroni, mojawapo ya tiba za kwanza za aina hiyo.

Mwaka 1937 mama yao, Gunda, alipatikana na saratani ambayo madaktari walisema haingeweza kupasuliwa. Wanawe walimpeleka San Francisco akatibiwe kwa mashine yenye nguvu ya eksirei iliyoundwa na David Sloan wa maabara ya Lawrence. Alipona na kuishi miaka mingi baadaye.

Hata hivyo, si kila jaribio lilifaulu. Kuanzia 1938 wagonjwa wa saratani walitibiwa kwa nyutroni kutoka saiklotroni. Daktari aliyeongoza matibabu hayo, Robert Stone, alitathmini matokeo mwaka 1948 na kukiri kwamba madhara yaliyojitokeza baadaye yalikuwa makubwa kiasi cha kutoruhusu tiba hiyo iendelee.

Vita vya Pili vya Dunia vilipozuka, Lawrence aliigeuza sumaku yake kuwa silaha. Alibuni kalutroni, mtambo wa kutenganisha urani nyepesi inayofaa bomu na ile nzito. Mamia ya mitambo hiyo ilijengwa Oak Ridge, jimbo la Tennessee. Kwa kuwa shaba ilikuwa haba, nyaya za sumaku zilitengenezwa kwa zaidi ya tani 14,000 za madini ya fedha yaliyokopwa kutoka hazina ya serikali.

Hata huko tatizo la kale lilimfuata. Sehemu kubwa ya urani haikufika katika vikombe vya kuikusanyia, bali ilitapakaa kwenye kuta za mitambo, ikabidi ioshwe na kukusanywa upya.

Urani iliyopatikana Oak Ridge ndiyo iliyotumiwa katika bomu lililoangushwa Hiroshima Agosti 6, 1945. Lawrence alikuwa mmoja wa wanasayansi wanne walioishauri serikali kuhusu matumizi ya bomu hilo. Alikuwa miongoni mwa waliotaka kwanza lionyeshwe tu bila kuua watu, lakini hatimaye jopo hilo halikuona njia mbadala.

Baada ya vita aliunga mkono utengenezaji wa bomu la haidrojeni, na mwaka 1952 akashiriki kuanzisha maabara ya silaha huko Livermore. Miaka mingi baada ya kifo chake, mjane wake, Molly, aliomba jina la mumewe liondolewe katika maabara hiyo kwa kuwa hakupendezwa na kazi yake ya silaha. Ombi hilo halikukubaliwa.

Mkondo wafika kitandani

Mnamo Novemba 1946 saiklotroni ya inchi 184 ilianza kazi katika kilima kilicho juu ya chuo cha Berkeley. Kwa nguvu hizo mpya, ugumu wa kutoa chembe uliongezeka maradufu. Mizunguko ya mwisho ilikaribiana mno hivi kwamba hakukuwa na nafasi ya kupitisha ukuta kati yake.

Mwanzoni majaribio mengi yalifanyiwa ndani ya mtambo wenyewe. Wahandisi wa Lawrence waliunda bamba jipya lililotiwa umeme kwa mpigo mmoja wa ghafla wakati chembe zilipofika ukingoni. Nao wanasayansi wa Liverpool, Uingereza, katikati ya miaka ya 1950 walifaulu kwa njia tofauti: waliiyumbisha mizunguko kwa vipande vya sumaku hadi chembe zikaruka ukuta zenyewe.

Mwaka 1954 mkondo wa protoni kutoka mtambo wa inchi 184 ulielekezwa kwa mgonjwa kwa mara ya kwanza. John Lawrence na Cornelius Tobias ndio walioongoza matibabu hayo. Protoni ina sifa ya kumwaga nguvu zake nyingi pale inaposimama, hivyo humwezesha daktari kulenga uvimbe bila kuumiza sana sehemu zilizo nyuma yake. Bila kuitoa nje kwa unyoofu, manufaa hayo yangebaki kwenye karatasi.

Lawrence alikuwa na umri wa miaka 52 au 53 wakati huo, na afya yake ilikuwa imeanza kuzorota kutokana na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana.

Mwaka 1958 Rais Dwight Eisenhower alimteua kuhudhuria mazungumzo ya Geneva kuhusu kupiga marufuku majaribio ya nyuklia. Alikwenda licha ya kuugua, akazidiwa akiwa huko na kurejeshwa nyumbani. Alifariki Agosti 27, 1958 huko Palo Alto, California, baada ya kufanyiwa upasuaji. Aliacha mke na watoto sita.

Mnamo 1961 elementi ya 103 iliyogunduliwa Berkeley ilipewa jina lake, laurensiamu.

Swali lililomtatiza halijazikwa naye. Katika kituo cha CERN, mpakani mwa Uswisi na Ufaransa, tangu mwaka 2015 mmoja wa mitambo hugawanya mkondo wake katika mafungu matano kwa nguvu za sumaku kabla ya kuutoa, ili chembe chache zaidi zigonge ukuta wa mlango wa kutokea.

Katika saiklotroni nyingi za hospitali, bamba la umeme limeachwa kabisa. Huzungushwa ioni za haidrojeni zilizoongezewa elektroni. Zinapofika ukingoni hupita katika utando mwembamba wa kaboni unaozipokonya elektroni hizo. Chaji ikigeuka, sumaku ile ile iliyokuwa ikizizuia ndani huzipinda kuelekea nje, na karibu zote hutoka salama.

Ni kwa njia hiyo ambapo hutengenezwa florini-18, inayochanganywa na sukari na kudungwa mgonjwa ili kuonyesha saratani ilipojificha. Nusu ya unururifu wake huisha kwa takriban dakika 110. Haiwezi kuagizwa kutoka ng'ambo ikasubiri forodhani. Lazima itengenezwe karibu na mgonjwa.

Ndiyo maana kwa miaka mingi Wakenya waliohitaji picha hiyo walilazimika kusafiri hadi India na kwingineko. Tangu mwishoni mwa muongo wa 2010, Nairobi imepata saiklotroni zake za hospitali, na baadhi yao sasa huchunguzwa papa hapa nchini.

Mgonjwa anayeingia asubuhi katika chumba hicho haioni saiklotroni. Huletewa tu bomba la sindano lililofunikwa kwa kinga nzito. Dawa iliyomo isingekuwepo kama chembe zingebaki zikizunguka ndani ya sumaku bila kupata pa kutokea.